Barua kwa wanangu wa kijiweni

Wanangu wa bodaboda,

Jumamosi jioni nilikuwa nageuza chapati nilipomwona mwenzenu akimzaba kofi dada wa watu, abiria aliyedai chenji yake ya mia tano. Sarafu ilibingiria hadi chini ya benchi langu. Kesho yake kijana akaja macho mekundu: “Bi Mkubwa, haikuwa mimi, ni pombe.” Nanyi mkaitikia, mkacheka! Kicheko hicho ndicho kilichonishikisha kalamu.

Kabla ya chapati nilikuwa nesi, na zamu za usiku zimenifunza. Pombe haina mkono wa kumpiga mtu. Inalegeza ubongo wa mbele, hapa nyuma ya paji la uso, panapokwambia “ngoja kwanza”. Hasira inabaki na mafuta yake yote, breki ndiyo inayokatika. Tena hukatika mapema, miguu ikiwa bado imara. Yule alisimama wima, hela akahesabu sawasawa, na bado akapiga. “Sijalewa mimi, naona vizuri” nimeambiwa na watu niliokuwa nawatoa vioo usoni. Kweli waliona, ila cha karibu tu. Mia tano unaiona. Polisi, mama yako, kesho, huvioni. Sasa nani alimshika pua akanywa mchana huku akijua jioni ana abiria?

Na nyie mnaosema pombe imefichua tabia yake halisi, nyamazeni pia. Kujizuia nako ni tabia yake.

Mengine mnayajua: kahawa haiondoi ulevi, wala maji ya baridi kichwani, ini lina mwendo wake. Msinywe na njaa. Gongo hata mpishi wake hajui ukali wake. Aliyekunywa aache funguo.

Lakini niseme nanyi peke yenu? Viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 2017, tukapiga vigelegele. Leo duka la pembeni limepanga vichupa vya pombe kali jirani na pipi za watoto, na sisi wazee tunapita tukisalimia. Harusi ya mwanangu kreti nililipia mimi. Haya, nimekiri.

Wewe mwenyewe, najua utasomewa hii. Yule dada hupita hapa saa kumi na moja na kapu lake la mchicha. Mia tano yake ninayo, nimeiosha matope. Njoo uichukue umpelekee, ukiwa hujagusa kitu.

Bi Mkubwa wa chapati