Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: maktaba ya mtandaoni isiwe ghala la picha

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kujisomea usiku kuhusu usanisinuru, yaani jinsi mimea inavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, nyumbani wote wakiwa wamelala. Akaingia kwenye maktaba ya mtandaoni, akakipata kitabu, akaanza kukipakua. Bando likamwishia katikati. Kesho yake nikampakulia mimi. Kumbe kurasa zimepigwa picha tu: nyingine zimelala upande, na mmoja una kidole cha mtu kimeziba mstari wa mwisho. Tukaandika “klorofili” kwenye kisanduku cha kutafutia, hatukupata kitu, ilhali neno lenyewe tunaliona pale pale.

Mheshimiwa, kwa kompyuta picha ya ukurasa haina herufi. Neno halitafutiki humo, na programu inayomsomea kwa sauti mwanafunzi asiyeona inabaki kimya. Huyo ndiye anayeniuma zaidi. Maandishi yaliyochapwa kwenye kompyuta hayana tabu hiyo, tena ni mepesi: Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1971 kwa mtu kuchapa herufi kwa mkono, hadi leo hutoa vitabu vya maandishi matupu, na riwaya nzima mara nyingi haifiki megabaiti 1.

Anayejisomea hana wa kumuuliza. Kwa hiyo zoezi lije na hatua za kulifikia jibu, maana jibu tupu humwacha palepale alipokwama. Kazi hiyo tupeni walimu. Tunajua wanafunzi wanapojikwaa.

Kuhusu hakimiliki: kitabu kilichogharimiwa na fedha za umma kitolewe kwa leseni huria, yaani ruhusa ya kila mtu kukitumia na kukisambaza bure, kama Pendekezo la UNESCO la mwaka 2019 kuhusu rasilimali huria za elimu linavyohimiza. Kifunguke bila nenosiri, mwanafunzi amrushie mwenzake asiye na bando. Pasipo na mtandao pia inawezekana: Kiwix huwawezesha watu kusoma Wikipedia bila intaneti, na programu yenyewe ni ya bure.

Naomba, kabla ya kuzindua maktaba yoyote, uchukue simu ya bei nafuu yenye bando dogo, utafute humo neno moja la somo lolote. Lisipopatikana, uzinduzi usubiri. Sura ya usanisinuru niko tayari kuichapa mwenyewe, bila malipo, likizo hii.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa biolojia