Ile mita uliyoniuliza

Kibokoni, Mombasa

Swahiba yangu,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, joto tu ndilo linalotumaliza. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba sasa unataka mita ya kupimia stima, ile multimita, umechoka kubahatisha na ile balbu yako ya nyaya mbili. Unauliza kama elfu mbili na mia tano ulizotenga zinatosha, au uchukue ile ndogo ya manjano ubaki na chenji ya samaki.

Kwanza nikuambie yaliyonipata mimi na hiyo ya manjano. Asubuhi nilikuwa nayo kwenye redio ya gari, napima ampea, waya mwekundu nimeuchomeka tundu la 10A. Alasiri nikaitwa nyumba moja Majengo, soketi haina stima. Nikazungusha swichi mpaka 750 ya volti, vizuri kabisa, nikatia ncha kwenye soketi. Soketi yenyewe kumbe ilikuwa na moto, mbovu ilikuwa pasi yao. Na waya mwekundu ulikuwa bado uko kwenye 10A. Yakhe, ulilia kama bunduki! Nyumba nzima giza, mama mwenye nyumba katoka jikoni na mwiko mkononi. Nilipoziangalia zile ncha, zimeyeyuka, kila moja ina kipunje mbele kama mtama. Namshukuru Mungu swichi kubwa ya nyumba iliwahi kukata.

Maana tundu lile, ukizungusha swichi utakavyo, ndani yake ni kipande cha waya mnene tu kinachokwenda moja kwa moja kwenye waya mweusi. Ukilitia kwenye soketi umeunganisha laini na nyutro, yaani waya wa moto na wa kurudi, kwa mkono wako. Na katika zile za manjano za bei ya chini, pembeni ya tundu pameandikwa UNFUSED, yaani halina fyuzi. Wameandika wenyewe, sisi ndio hatusomi.

Kwa hivyo jambo la kwanza ukifika dukani, uliza fyuzi. Mita inayofaa ina fyuzi kwa matundu yote ya ampea. Mwenye duka akikuruhusu, fungua mgongo uione. Ikiwa ni kigae cheupe, ndani yake mna mchanga unaozima cheche pale inapokatika. Ikiwa ni kichupa cha kioo, itakufaa kwa betri na redio, lakini kwa stima ya nyumba sikushauri, kwa sababu kioo chaweza kupasuka na moto ukaendelea kupita.

Halafu kuna yale maandishi ya CAT, yaani daraja la usalama, mita inafaa kutumiwa wapi. CAT II ni ya vitu vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III ni ya boksi la swichi na nyaya za ukutani, CAT IV ni huko kwenye waya unaotoka mlingotini. Volti ni zilezile 240, ila kadiri unavyokaribia mlingoti, ndivyo kishindo kinavyokuwa kikubwa mambo yakiharibika. Lakini usiamini maandishi peke yake. Nimeona mita imeandikwa CAT III na ndani ina kichupa kama cha redio, na nyaya zake nyembamba kama za spika.

Rangi nayo isikudanganye. Manjano ni ya Fluke, kampuni ya mita ya Wamarekani, na wanailinda kweli: mwaka 2014 forodha ya Marekani ilizuia mzigo wa mita 2,000 za kampuni ya SparkFun kwa sababu zilikuwa na ukingo wa manjano. Huku kwetu kila kitu ni cha manjano na hakuna anayezuia. Fluke halisi mimi na wewe tutaitazama kwa macho tu kwa sasa.

Sasa kazi yako. Betri za tuktuk na sola, mita yoyote isiyosema uongo inatosha, mradi ubadilishe betri yake ya ndani mapema. Ikichoka, mita husoma juu kuliko ukweli. Niliwahi kumwambia mvuvi betri yake iko 12.7, nzuri kabisa, arudi baharini. Kesho yake akaja na maneno yake. Nilipotia betri mpya kwenye mita, ile ya boti ikasoma 11.9.

Ila umesema watu wa Ukunda wanakuletea na inverta, zile za kugeuza stima ya betri iwe ya nyumba. Hapo ndipo mita rahisi inapokwama. Yenyewe hudhani kila stima ina wimbi laini kama la mtandao wa taifa, na zile inverta za bei nafuu wimbi lao ni la ngazi ngazi. Inverta inatoa 230 sawasawa, mita inakuonyesha kama 180, nawe unaanza kufungua kitu kizima. Tafuta iliyoandikwa True RMS, yaani inayosoma volti za kweli hata wimbi lisipokuwa laini. Kampuni ya UNI-T wanazo, na ndizo ningekusukuma ungoje mwezi mmoja uongeze pesa uzipate. Mita ya koleo, ile inayobana waya kwa nje, nayo itazame vizuri: nyingi za bei ndogo zinapima ampea za stima ya nyumba tu, ya betri haziioni.

Dukani usiondoke bila kuijaribu. Iweke kwenye omu za chini, kile kipimo cha ukinzani, gusanisha ncha mbili, isome karibu na sifuri, kisha zitikise nyaya pale zinapoingilia. Namba ikirukaruka, rudisha. Mlio wa kujulisha kwamba waya haujakatika nao uwe unaitika papo hapo unapogusa. Na ukifika nyumbani usiiache dirishani. Hewa yetu ya chumvi ilishanilia springi ya betri hadi ikawa kijani.

Kama lazima ununue wiki hii, chukua hiyo ndogo, kata waya wa tundu la 10A kwa ndani, uitumie kwa betri peke yake mpaka pesa zitimie. Lakini bora uvuke Jumamosi. Shuka feri mapema kabla foleni haijawa ndefu, nitakungoja Mwembe Tayari tuzunguke maduka pamoja. Mimi nitakuja na betri mpya ya 9V mfukoni, wewe njoo na ile testa yangu uliyoiazima tangu Ramadhani.

Ni mimi swahiba yako.