Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Afya wa Tibet: chumvi iko kwenye chupa ya chai

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Wagonjwa wa presha wa nyanda za juu wakiambiwa wapunguze chumvi kwenye chakula, ushauri unakosa shabaha. Chumvi yao nyingi hainyunyizwi sahanini, inanywewa. Chai hutiwa chumvi na siagi ya yaki (ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani), ikasukwa, kisha ikamiminwa kutwa nzima, na mwenyeji hapendi kuona bakuli la mgeni likikauka. Tuseme chupa ya lita 2 imetiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, takriban gramu 5: kila bakuli la mililita 200 lina nusu gramu. Mwenye kunywa bakuli kumi amefika kikomo cha siku cha Shirika la Afya Duniani kabla hajaonja nyama wala unga wa shayiri.

Hatuombi watu waache chai. Tunaomba madukani iwepo chumvi yenye sodiamu kloridi (chumvi ya kawaida, ambayo sodiamu yake hupandisha presha) asilimia 75 na potasiamu kloridi (mbadala usio na sodiamu) asilimia 25, yenye madini joto, kwa bei isiyozidi ya chumvi ya kawaida. Potasiamu ikizidishwa sana chai huwa chungu, na mpishi atarudia chumvi ya zamani. Mgonjwa wa figo, au anayemeza spironolaktoni (dawa inayobakiza potasiamu mwilini), asiitumie kabisa: potasiamu ikirundikana mwilini huvuruga mapigo ya moyo. Huyo apunguziwe kijiko cha chumvi ya kawaida.

Jeni ya EPAS1 ya kurithi, iliyoelezwa na watafiti mwaka 2010, huzuia himoglobini ya Watibeti (protini ya damu inayobeba oksijeni) isipande kupita kiasi. Ni zawadi kubwa, lakini haiwakingi na chumvi.

Vipimo navyo vinapotosha. Mkanda wa presha ukifungwa juu ya joho zito, namba hupanda. Mtu avue, aketi dakika 5, awe hajanywa chai kwa nusu saa, apimwe mara mbili. Kwa sukari ya damu, vijiti vya kupimia vinavyotumia kimeng'enya cha glukosi oksidasi husoma juu oksijeni ikipungua, kama ilivyo nyanda za juu, ilhali damu nzito hushusha namba. Hakuna anayejua kosa lipi limeshinda. Zahanati zinunuliwe vijiti vya glukosi dihaidrojenesi, kimeng'enya kisichotegemea oksijeni, na kabla ya mtu kuitwa mgonjwa wa kisukari, damu ya mshipa ipimwe maabara akiwa hajala: milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, katika vipimo viwili.

Tunaomba chumvi hiyo na vijiti hivyo viingie katika manunuzi yajayo ya zahanati za vijijini.

Wasalaam,
Wauguzi na wataalamu wa lishe