Sandwichi ya Kikuba: msiilaumu salami

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nisahihishe mapishi ya sandwichi ya Kikuba mliyoyatoa kwenye ukurasa wa jikoni. Mawili yamenikera. Mmeandika kwamba anayetia salami, ile soseji iliyokaushwa ya kukatwa vipande, amekosea. Halafu mkamwambia msomaji achukue mkate wa slesi, apake mayonesi, abane kwenye mashine ya tosti. La kwanza linawaonea watu wa Tampa. La pili litampotezea msomaji nyama yake.

Tampa iko Florida, Marekani. Vicente Martinez Ybor, Mhispania aliyekuwa na kiwanda Havana, mji mkuu wa Kuba, cha sigara nene za kusokota kwa mkono, alihamia Key West, kisiwa cha Florida, mwaka 1869, na mwaka 1885 akanunua ardhi karibu na Tampa. Mji uliomea hapo ukaitwa Ybor City. Viwandani waliketi Wakuba, Wahispania na Waitaliano kutoka Sisilia, wakisokota tumbaku huku msomaji waliyemlipa wenyewe akiwasomea magazeti kwa sauti (kazi hiyo ilikoma Tampa mwaka 1931, wenye viwanda walipomwondoa msomaji na kuleta redio, sijui mwenye gazeti ataipokeaje habari hii). Kuba kulikuwa na mkate wa nyama mchanganyiko uitwao mixto. Ulipotua mezani pa Wasisilia, salami ya Genoa ikaingia. Mwaka 2012 baraza la jiji la Tampa liliitambua rasmi sandwichi hiyo kuwa ya jiji lao, na salami imo.

Miami ni habari nyingine. Huko Wakuba walifurika baada ya mapinduzi ya 1959, bila jirani Msisilia. Sandwichi yao ina nguruwe wa kuchoma, hemu (paja la nguruwe lililotiwa chumvi), jibini ya Kiswisi, matango ya siki na haradali, basi. Mkazi wa Miami atakuapia kuwa salami ni uzushi, nanyi mmeuchukua ubishi wake mkaugeuza sheria. Key West wanatia hata saladi na nyanya, wengine na mayonesi. Mimi sizipendi humo, ila nao wana mji wao.

Havana wana medianoche, yaani usiku wa manane, saa ambayo uliliwa na watu waliotoka kwenye dansi. Vya ndani ni vilevile, ila mkate ni mdogo, laini, wa mayai na sukari, rangi ya njano. Miami wana croqueta preparada, ambamo mnapondwa kroketi mbili: kama katlesi ndogo ndefu, ila badala ya viazi ndani kuna rojo zito la unga, maziwa na hemu. Na kwa wasomaji wako wengi wasiokula nguruwe, Havana hiyohiyo ina Elena Ruz: bata mzinga, jibini laini ya kupaka na jamu ya stroberi. Jamu na nyama inasikika kama mzaha, lakini chumvi ya jibini huisawazisha. Mkate wake uokwe kwa siagi.

Sasa mkate, maana hapo ndipo penye kosa lenu kubwa. Mkate wa slesi una maji mengi na hauna ganda. Ukiuwekea uzito unalala kama chapati, jibini inatokea pembeni na kuungua. Mkate wa Kifaransa wa ganda gumu nao haufai: hupasuka vipande ukibanwa na kukuchuna ufizi. Mkate wa Kikuba una mafuta kwenye unga, kwa desturi ya nguruwe, nayo hufanya ganda liwe jembamba na la kuvunjika upesi, huku ndani ukibaki mwepesi kiasi cha kukubali kubanwa bila kuwa donge.

Kwa mikate miwili ya sentimita 40, itakayotoa sandwichi nne: unga wa ngano gramu 500, maji gramu 300, mafuta ya nguruwe au mafuta magumu ya mboga gramu 40, hamira kavu gramu 7, chumvi gramu 10, sukari gramu 10. Usiku uliotangulia toa gramu 75 za unga huo na gramu 75 za maji hayo, changanya na chembe chache za hamira, funika, acha hadi asubuhi. Chachu hiyo ndiyo ladha. Ukiiruka mkate utaumuka vizuri lakini utakuwa na ladha ya hamira tu. Asubuhi changanya vyote, kanda dakika 10, acha saa moja hadi donge liwe maradufu. Gawa mawili, viringisha marefu, acha tena dakika 45. Kabla ya kutia ovenini lowesha ukuti na uulaze juu ya mkate kwa urefu. Waokaji wa La Segunda, walioko Ybor City tangu 1915, hutumia jani la palmetto, mti mfupi wa jamii ya mnazi uotao Florida. Ukuti wa mnazi ukikatwa upana wa kidole kimoja hufanya kazi ileile. Unyevu wake huzuia ganda kukauka mahali hapo, mkate ukapasuka kwa mstari mmoja ulionyooka badala ya kuraruka ubavuni. Nyuzi 200 za Selsiasi, dakika 25, kisha uondoe ukuti. Aliye Unguja anaweza kuruka yote haya akanunua boflo ndefu ya asubuhi, mradi aile siku hiyohiyo.

Nyama: bega la nguruwe lisilo na mfupa, kilo 1.5. Kiungo chake huitwa mojo, na mojo halisi hutaka maji ya machungwa machungu, yaani madanzi, ambayo Pwani yetu inayo na mengi huoza chini ya miti. Maji ya madanzi kikombe kimoja (mililita 250), kitunguu saumu kichwa kizima kilichotwangwa na vijiko 4 vya chai vya chumvi, bizari nyembamba ya unga kijiko 1 cha chai, oregano kavu vijiko 2 vya chai, mafuta theluthi ya kikombe. Ukikosa madanzi, changanya maji ya chungwa sehemu mbili na ya ndimu sehemu moja; chungwa peke yake ni utamu mtupu. Loweka saa 12. Usipitishe 24, maana asidi hulegeza nyama ya juu ikawa kama uji. Oka ikiwa imefunikwa kwa nyuzi 160, kama saa tatu, hadi kipimajoto kiseme 80 hadi 85 katikati, kisha ifunue dakika 20 ipate rangi. Ikifika 95 itachambuka nyuzinyuzi, na nyama iliyochambuka hutoka yote sandwichi inapobanwa. Ipoe kabisa, ikae jokofuni, ndipo uikate kukingama na nyuzi zake, unene wa milimita 3 au 4. Mchuzi wa chini ya trei usimwage.

Matango ya siki ya dukani, mengine huwa na sukari. Tengeneza yako: matango madogo gramu 300 yaliyokatwa kwa urefu, siki mililita 150, maji mililita 150, chumvi kijiko 1 cha chakula kilicho sawa, punje mbili za saumu, mbegu chache za giligilani. Chemsha siki, maji na chumvi, mwagia, weka jokofuni siku moja.

Kupanga. Kata mkate sentimita 20, upasue kwa urefu. Chini hemu gramu 80, kisha nguruwe gramu 100 aliyerashiwa kijiko cha ule mchuzi, kisha salami vipande vinne ukifuata Tampa, kisha jibini vipande viwili, kisha matango matatu. Haradali ya manjano, kijiko cha chai, ipakwe kwenye mkate wa juu tu. Jibini ikae kati ya nyama na matango: ikiyeyuka huishika nyama na kuzuia maji ya siki yasishuke chini. Matango yenyewe yafute kwa kitambaa kwanza. Anayetaka saladi na nyanya za Key West azitie baada ya kubana, vinginevyo nyanya huchemka humo na kulowesha mkate.

Kubana. Kule hutumia plancha, mabamba mawili ya chuma yaliyo laini. Mashine yenye mistari huugusa mkate kwenye mistari tu, na kwingine hubaki mweupe na laini. Chukua kikaango kizito cha chuma. Moto ni wa kiasi: siagi ikikigusa kikaango ichemke taratibu, na baada ya nusu dakika isiwe imegeuka kahawia. Ikigeuka mapema, ganda litaungua jibini ikiwa bado ngumu. Kwenye jiko la mkaa tandaza makaa na uyafunike majivu kidogo, kwa sababu yakirundikana huunguza katikati. Paka siagi gramu 10 nje ya mkate, uweke, juu yake laza sufuria yenye maji lita mbili na nusu, chini yake ikiwa imepakwa siagi isigande. Dakika nne, geuza, dakika tatu. Sandwichi iliyokuwa na unene wa sentimita 7 ibaki kama 3. Ikishuka zaidi ya hapo, ulizidisha uzito au mkate haukuiva.

Nyama ikitoka jokofuni moja kwa moja, nje hukauka ndani kukiwa baridi. Itoe nusu saa kabla, au ipitishe kikaangoni sekunde 30 kila upande, hemu ikamate rangi kingoni. Medianoche, kwa kuwa ina sukari, punguza moto na uipe dakika mbili tu kila upande. Anayetumia skonzi tamu afuate kipimo hichohicho.

Kata mshazari mara tu inapotoka motoni, kwa kisu cha meno. Kisu butu huikamua jibini yote ikaishia kwenye ubao.

Mkiyarudia mapishi yenu, ondoeni mayonesi na mtaje ni sandwichi ya mji gani.

Mwokaji mikate,
Tanga