Seva Moja, Mifumo Mitatu: Mbona Profoma Yetu Ina Rami Nyingi Hivyo?

"Mlisema seva moja inabeba Windows na Linux kwa pamoja, mbona inakwama? Mmenidanganya." Lawama hii haituishii. Inabeba, bosi. Isiyobeba ni ile uliyoenda kununua baada ya kukata nusu ya profoma yetu.

Wateja wengi huanza kutazama prosesa. Huko hatugombani sana. Xeon, prosesa za seva za Intel, kwa miaka mingi zina VT-x, uwezo wa kubeba mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva, kila moja na Windows au Linux yake), na mashine pepe kadhaa hutumia prosesa moja kwa zamu bila shida. Ila VT-x iwashwe kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya seva. Tumeshaitwa Mbagala kwa ajili ya swichi hiyo tu, na ndiyo, tulitoza.

Rami, kumbukumbu ya kazi ya seva, haina zamu: kila mashine pepe hushika fungu lake. Windows Server yenye hifadhidata ya mauzo tunaipa GB 16, Windows ya programu ya stoo GB 8, Linux ya tovuti GB 4. Hizo ni 28, na mfumo mwenyeji, ule unaozibeba zote, bado hajala chochote. Ndiyo maana tunaandika 64, halafu mteja anatwambia 32 inatosha, rafiki yake kasema.

Wakala mmoja wa forodha alituruka, akanunua seva ya Dell PowerEdge R720 iliyotumika yenye prosesa moja, akajaza rami nafasi zote 24. Seva ikasoma nusu. Kwenye mashine ile nafasi 12 ni za prosesa ya pili. Isipokuwepo, hizo ni mapambo. Tena baadhi zilikuwa rami za kompyuta ya mezani, ambazo hazichanganyiki na za seva. Hela aliyookoa kwetu iliishia hapo, na juu yake akalipa ufundi.

Lakini kinachoua seva za namna hii hasa ni diski. Diski moja inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inamudu takriban maombi 100 ya kusoma au kuandika hapa na pale kwa sekunde. Mfumo mmoja utavumilia. Mitatu ikiandika pamoja ni wanawake watatu na bomba moja. RAID ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja; RAID 5, ambayo watu huipenda kwa kuokoa nafasi, hugeuza kila uandishi mdogo kuwa kazi nne kwenye diski. Kwa hifadhidata sisi tunafunga SSD (diski zisizozunguka) mbili za seva kwa kioo, yaani kila kitu kinaandikwa kwenye zote mbili, au RAID 10, jozi kadhaa za kioo zikiunganishwa. Ni ghali, tunajua.

Halafu kuna batri ya kadi ya RAID (kadi inayosimamia diski hizo), ile ambayo kila mtu anataka tuifute kwenye profoma. Hulinda kashe, kumbukumbu ya haraka ya kadi inayoshika data kabla haijafika kwenye diski, umeme ukikatika. Ikifa, kadi huacha kuandika kwa kashe na seva inakuwa nzito ghafla. Ofisi moja ilipata fundi aliyelazimisha kashe ifanye kazi bila batri. Ikaruka kama mpya, wakatucheka. Umeme ukakatika, UPS haikuwepo, hifadhidata ikaharibika. Kuirejesha kuliwagharimu mara nyingi bei ya batri.

Leseni pia: Windows Server Standard inaruhusu mashine pepe mbili za Windows. Ya tatu inalipiwa upya. Linux haihesabiwi.

Kama umeona seva ya mtumba Kariakoo, kabla hujalipa tutumie picha ya ndani, kifuniko kikiwa wazi, na jina la kadi ya RAID. Kutazama picha hatutozi.