Risala ya Wanamuziki wa Dansi Morogoro kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Ndugu Afisa Utamaduni. Viongozi wa serikali za mitaa na wa dini. Wazee wetu mliotutangulia katika muziki. Ndugu wanachama, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama 46 wa chama chetu, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa nasi katika mkutano wetu mkuu wa mwaka. Umekuja kuzungumza na wanamuziki katika mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Wengi wetu tuliopo hapa tulishika gita kwa mara ya kwanza tukihangaika kufuata nyuzi za Mbaraka kutoka kwenye redio ya mbao ya nyumbani, na tumeona ni haki tukueleze bila kuficha hali ya riziki ya wanaoendeleza kazi hiyo leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Zamani fedha ya bendi ilipatikana ukumbini. Kiingilio kilikusanywa mlangoni, waliokunwa na wimbo walipanda jukwaani kutuza, wakabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji au wakaitumbukiza katika mfuko wa mpiga solo, na alfajiri, vyombo vikishafungwa, hesabu ilifanyika mezani mbele ya wote. Ugomvi ulikuwepo, hasa pale mwenye vyombo alipojichukulia fungu la simba. Hata hivyo, mpiga tumba hakuhitaji kuthibitisha kwamba alikuwepo, kwa sababu watu wote walimwona akitoka jasho.

Leo wimbo unasikilizwa kwenye simu, na malipo yake yana utaratibu ambao sisi wenyewe tulichelewa kuuelewa. Mwanamuziki hupeleka rekodi yake kwa msambazaji wa mtandaoni, ambaye huipandisha Boomplay, Spotify, YouTube na kwingineko. Kampuni kama Spotify, ambayo ilifungua huduma zake hapa nchini mwaka 2021, haina bei moja iliyopangwa kwa kila wimbo unaposikilizwa. Mapato ya matangazo na ya wanaolipia kila mwezi huwekwa kwenye kapu, takriban theluthi mbili hutengwa kwa ajili ya wenye haki, kisha kila mmoja hupata kwa kadiri ya sehemu ya nyimbo zake katika jumla ya zote zilizosikilizwa. Pale ambapo wasikilizaji wengi hawalipii, kapu huwa jepesi. Isitoshe, tangu mwaka 2024 Spotify hailipii rekodi ambayo haikufikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12, na nyimbo nyingi za bendi za mikoani hubaki chini ya kiwango hicho.

Naomba nikupe mfano wetu. Mwaka jana wanachama 11 wa bendi moja iliyo ndani ya chama hiki walikaa mkekani, kwenye chumba cha mazoezi, kusomewa taarifa ya mapato ya wimbo wao. Ulikuwa umesikilizwa mara 38,000 kwa mwaka, wakapiga makofi. Aliyekuwa ameshika simu akashuka chini ya ukurasa, akasoma kiasi kilicholipwa: shilingi 61,600. Ukigawa kwa watu 11, kila mmoja anapata shilingi 5,600. Mpiga besi aliomba ukurasa ule usomwe tena, akidhani sifuri moja imerukwa.

Hatutaki uondoke ukiamini kwamba mitandao haina faida. Taarifa ile ile ilionyesha wasikilizaji Lubumbashi na Muscat, ambako bendi ile haijawahi kufika. Mmoja wa wasikilizaji wa Muscat alipiga simu akaikodi bendi ipige kwenye harusi ya mdogo wake hapa Kihonda, na malipo ya usiku ule mmoja yalizidi mara kadhaa fedha ya mtandao ya mwaka mzima. Kwa maoni yetu, kwa bendi ya kiwango chetu, wimbo wa mtandaoni kwanza ni barua ya kuitambulisha bendi, na mshahara bado unatoka jukwaani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Udogo wa malipo ni tatizo, lakini linalotuumiza zaidi ni majina. Mtandaoni fedha humfuata aliyeandikwa, na wimbo uliopigwa na watu 11 mara nyingi huandikwa jina la mwimbaji peke yake, au la yule aliyekuwa na barua pepe siku ya kuupandisha. Kosa hili kwa sehemu kubwa ni letu. Tulirekodi kwa kuaminiana, hatukuandikiana chochote, na tulipouliza tulijibiwa kwamba mfumo unamtambua mwenye akaunti.

Mwezi mmoja baada ya msiba wa mpiga tumba wetu, mjane wake alikuja kwenye mazoezi akiwa na kanda ya kaseti aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Ndani ya kasha, kwenye karatasi iliyokwisha kuwa ya njano, yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya wino majina ya wote waliopiga: solo, rizimu, besi, tarumbeta, tumba. Jina la marehemu lilikuwa la tano. Wimbo ule ule upo mtandaoni na unasikilizwa hadi leo, lakini chini yake kuna jina moja tu, nalo si lake. Mama yule hakuja kudai. Aliuliza tu kama kuna mahali anapoweza kuionyesha karatasi ile, na sisi hatukuwa na jibu la kumpa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na inatambua pia haki za wanaotumbuiza. Kwa hiyo sheria ipo. Vilevile, mwaka 2022 Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa kazi zilizosajiliwa zilizopigwa redioni, jambo ambalo tunalishukuru kwa dhati. Wengi wetu tulisikia habari ile tukiwa hatujasajili hata wimbo mmoja.

Tangu Januari mwaka huu tumekubaliana kwamba hakuna mwanachama atakayeingia studio kabla ya karatasi ya mgawanyo kujazwa na kusainiwa na wote, ikionyesha mtunzi, mpangaji wa muziki, kila mpigaji na fungu lake. Kila rekodi mpya sasa ina namba yake ya utambulisho, ISRC, na nakala zake zinatunzwa na katibu kwenye faili. Nyimbo 19 zimekwisha kupita utaratibu huo. Za zamani, ambazo baadhi ya wapigaji wake wamefariki na wengine wamehama, zinatushinda.

Kwa heshima kubwa tunakuomba utusaidie kuwaalika maofisa wa COSOTA waje Morogoro kwa siku tatu hivi, wasajili kazi papo hapo na kuwasikiliza warithi wenye ushahidi kama ule wa mama yetu. Tunaomba pia chumba kimoja chenye kompyuta na intaneti, hata kwa siku mbili kwa wiki, ambapo wazee wasiotumia simu za kisasa wataweza kufuatilia nyimbo zao. Na bendi zinapoalikwa kutumbuiza kwenye shughuli za wilaya, tunaomba malipo yaandikwe kwenye mkataba kabla ya siku ya shughuli, kwa kuwa soda na nauli havilipi ada ya shule.

Karatasi ile ya njano tumeitolea kivuli, na tumeiambatanisha nyuma ya risala hii ili uisome mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.