Chandarua hakitoshi, tuchungulie na mapipa yetu ya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako niwaambie wasomaji wenzangu, hasa sisi tunaoishi Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, jambo ambalo nilichelewa kulijua, na kuchelewa huko nusura kunigharimu mtoto. Kwa miaka mingi tumefundishwa kuwa kinga ya mbu ni kulala ndani ya chandarua chenye dawa, na mafunzo hayo ni ya kweli, kwa kuwa mbu aenezaye malaria huuma usiku. Lakini katika mji huu yupo mbu mwingine, anayeuma mchana kweupe na kuzaliana ndani ya maji safi tuliyoyateka wenyewe, ambaye chandarua kilichofungwa juu ya kitanda hakimzuii hata kidogo wakati watoto wako sebuleni au uani.

Wataalamu humwita Aedes aegypti. Ni mdogo, mweusi, ana mabaka meupe miguuni, huuma zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza kuingia, na ndiye anayeeneza homa ya dengue. Jiji letu limepata milipuko ya homa hiyo mwaka 2010, 2014 na 2019, na katika mlipuko wa 2019 wagonjwa waliothibitishwa nchini walizidi 6,000, wengi wao wakiwa wa Dar es Salaam na Tanga. Wala si jambo geni kwetu, kwani jina la kidingapopo, ambalo kwa Kiswahili ndilo la homa ya dengue, lilikuwa vinywani mwa watu wa Zanzibar tangu karne ya 19, na homa ya chikungunya, ambayo mbu huyohuyo huieneza, ilitambuliwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde kusini mwa nchi yetu kufuatia mlipuko ulioanza mwaka 1952, ikapewa jina la Kimakonde linaloeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Mwezi wa Mei mwaka 2019 mwanangu wa pili alirudi kutoka shuleni akiwa na homa kali, akilalamika kuwa macho yanamuuma kwa ndani. Tulimpeleka zahanati, akapimwa malaria, kipimo kikaonyesha hana, lakini akaandikiwa dawa ya mseto hivyohivyo. Mimi mwenyewe, nilipoona maumivu ya viungo yamezidi, nilikwenda duka la dawa nikanunua diklofenaki. Siku ya nne homa ilishuka, tukamshukuru Mungu. Asubuhi ya siku ya tano alipiga mswaki akatema damu, na hadi saa sita mchana alikuwa ameshika tumbo, hawezi kusimama. Hospitalini ndiko tulikoambiwa kuwa ni dengue, kwamba ugonjwa huu hauna dawa ya kuua virusi vyake, na kwamba diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja damu, hivyo mgonjwa apewe parasetamoli kwa kipimo chake na vinywaji kwa wingi. Tuliambiwa pia jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue: siku za hatari huanza pale homa inaposhuka, na mgonjwa akipata maumivu makali ya tumbo, akatapika mfululizo, akatoka damu puani au kwenye fizi, au akalegea kupita kawaida, asisubiri kesho. Mwanangu alilazwa siku nne kwa dripu, akapona.

Aliporudi nyumbani, mhudumu wa afya alikuja kutuuliza tunahifadhi wapi maji. Nilimjibu kwa kujiamini kwamba nyumba yangu ni safi, uwanja unafagiliwa kila siku, takataka hazilali, na kila kitanda kina chandarua. Akawasha tochi ya simu, akaimulika ndani ya pipa la bluu lililokuwa ukutani nyuma ya jiko. Maji yalikuwa maangavu, hata sarafu ungeiona chini. Ndani yake viluwiluwi vyembamba kama vipande vya uzi vilikuwa vimening'inia juu ya maji vikivuta hewa, na alipoligonga pipa kwa kidole vyote vikajipinda na kuzama kwa pamoja. Maji hayo nilikuwa nikiyaogeshea watoto.

Hapo ndipo fikra yetu iliponikosesha, na naamini inawakosesha wengi. Tumezoea kusema mbu huletwa na uchafu, na kwa mbu yule mwenye kelele za usiku, azaliwaye kwenye mitaro na mashimo ya vyoo, usemi huo una ukweli. Huyu wa dengue anapenda maji yaliyotulia katika pipa, ndoo, simtanki isiyo na mfuniko, kisahani cha chungu cha maua, kifuu cha nazi au tairi lililoachwa nje ya gereji. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi mingi, kisha huanguliwa maji yanapoyafikia. Kwa joto letu la pwani, tangu yai kuanguliwa hadi mbu kuruka hupita kama siku 7 hadi 10. Ndiyo maana usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambao naushiriki na kuuheshimu, hauwezi kumkomesha: kabla ya Jumamosi nyingine ya usafi kufika, pipa moja limeshatoa mbu wapya zaidi ya mara moja, nasi tumefagia barabara na kuzibua mitaro bila mtu kufunua chombo cha mwenzake.

Inaniuma kila tunapoambiwa tumwage maji yaliyotuama, kana kwamba mtu huweka mapipa manne uani kwa kupenda. Mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na mgao wa maji ukatangazwa jijini, kila nyumba iliyoweza ilinunua pipa. Penye maji mara mbili kwa wiki, huwezi kumwambia mama amwage akiba yake. Kwa hiyo wanaopanga huduma ya maji wajue kwamba kila siku bomba linapokauka, wanapanga pia makazi ya mbu, na wizara za maji na afya zilizungumze jambo hili kwenye meza moja.

Nyumbani kwangu tumepata utaratibu ambao hauhitaji kumwaga tone. Jioni ya kuamkia siku ya maji, mapipa yakiwa yamekaribia kuisha, tunahamishia yaliyobaki kwenye ndoo kwa kuyachuja kwa kitambaa, tunayasugua mapipa ndani kwa brashi ngumu na sabuni, hasa ule mstari ambapo maji yalikoma, kwa sababu kusuuza tu hakuondoi mayai. Yakishajaa, tunayafunika kwa kitambaa kizito kilichokazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Bomba la kumwagia maji ya ziada kwenye simtanki tumelifunga wavu. Kazi yote inachukua chini ya nusu saa, na wanangu wakubwa wanaifanya bila kusukumwa.

Lakini mbu huyu, ingawa haruki mbali, anavuka ukuta. Nawaomba wenyeviti wa serikali za mitaa, wajumbe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapange ukaguzi wa vyombo vya maji nyumba kwa nyumba kila wiki, kuanzia kabla ya masika na si baada ya wagonjwa kujaa wodini. Halmashauri zitumie viuadudu vya kuua viluwiluwi vinavyotengenezwa hapa nchini, Kibaha, katika matairi na vyombo vikubwa visivyoweza kufunikwa, kwani upuliziaji wa moshi huwaua mbu wanaoruka na kuacha mayai na viluwiluwi vikiwa hai. Wakaguzi waje na tochi, na mtaani kwetu mlango wa kwanza kugongwa uwe wangu.

Mama wa watoto watatu,
Tabata, Dar es Salaam.